Kipengele cha Sita

4 Machi

Kitinda,

Nikikuambia mimi mzima utaamini, basi mimi mzima. Nimeandika kwa anuani ya ofisini kwako kwa sababu kila nikipiga simu yako yule mwanamke ananiambia haipatikani, na sauti yake nimeshaichoka. Ofisi haihamihami kama simu.

Neno lenyewe ni hili. Bila shaka umesikia kwenye redio kwamba ile bima ya afya ya ruzuku, ile serikali inayowalipia watu, imepanuliwa. Zamani ilikuwa ya wazee, watoto na wajawazito. Sisi wa katikati tuliambiwa tuna nguvu, tujitibie. Sasa mtu mzima yeyote asiye na mwajiri na mwenye kipato kidogo anaingia: mafundi, wachuuzi, wafua nguo, wote. Chumbani kwetu cha kushonea tulipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Jumatatu nikaenda ofisi ya usajili. Nilisimama foleni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, dirisha la nne. Karani ni binti mpole, miwani inamtelemka puani. Akaingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, akaniangalia, akaitazama tena ile kompyuta. Akasema, "Mama, wewe una bima tayari. Wewe ni mtegemezi wa mtumishi wa serikali." Nikacheka, nikamwambia mimi namtegemea Mungu na cherehani. Akaigeuza kompyuta nione mwenyewe. Kweli, jina langu liko chini ya jina lako, limeandikwa miaka kumi na moja iliyopita, mwezi uleule ulioajiriwa.

Ndipo nikakumbuka. Ulikuja na shati jipya, hata mikunjo ya dukani haijatoka, ukasema, "Dada, nimekuandika. Ukiumwa usiogope." Sikuumwa, na kadi nikaiweka kwenye kopo la vifungo.

Sasa mtu aliyeandikwa kwingine haandikwi huku, na anayeweza kuniondoa ni wewe, si mimi. Naomba uulize hapo kazini kwako inafanywaje. Usajili unafungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo usijiumize kichwa, muda upo.

Msalimie wifi na watoto. Huyo wa pili sijamwona hata picha. Anafanana na nani?

Dada yako

*

21 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikaa wiki nzima mapokezi kwa sababu nilikuwa masoko ya nje ya mji. Huu ni msimu wa kukagua mizani, na kila muuza nyanya akiniona anakunja uso kama nimekuja kuchukua mwanawe. Juzi mmoja alikuwa amebandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Nilipoitoa alishangaa kuliko mimi.

Simu ilipotea, nikabadilisha namba. Kila siku nasema kesho nitamtumia Dada namba mpya, na kesho ikawa ndiyo hivyo tena.

Kuhusu bima, sioni kwa nini wanakusumbua. Kadi unayo. Nenda nayo hospitali yoyote ya serikali uioneshe, ndiyo maana nilikuandika. Wewe si mtu wa kupanga foleni na watu wasiokuwa na mtu wao.

Tena hapa ofisini wote wanakujua. Kila sherehe ya kufunga mwaka lazima waniombe nisimulie habari za dada yangu aliyeshona sare za shule nzima ili mdogo wake apate ya kuvaa. Ofisa utumishi anakuita Dada Cherehani, na hajawahi kukuona. Sasa nikaanzie wapi kumwambia akufute?

Mtoto anafanana na wewe. Akikasirika anafunga mdomo hivyohivyo.

Mdogo wako,
Kitinda

*

30 Machi

Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi mtoto amenichukua mdomo, maana pua yetu haina faida.

Kadi nimeipeleka. Muuguzi aliipitisha kwenye kimashine chake mara tatu, kikalia vibaya mara tatu. Akaniambia ndugu wa watumishi waliozidi miaka ishirini na mmoja waliondolewa kwenye matibabu miaka sita iliyopita. Majina hayakufutwa, huduma ndiyo iliyofutwa. Kwa hiyo kadi yako imebaki kuwa picha. Kwenye picha ile bado nina mashavu.

Nilirudi dirisha la nne. Karani akaniambia fomu inaitwa Tamko la Kuondoa Mtegemezi, na inapatikana kwa ofisa utumishi wenu. Alinionesha nakala. Vipengele vitano vya kwanza ni majina na namba. Cha sita kinauliza, "Mtumishi aliacha lini kumtunza mtegemezi?" Wewe unajaza upande wako na kugongewa mhuri, kisha unaniletea nijaze wangu. Kama ni chini ya mwaka mmoja, nitasubiri mpaka mwaka utimie ndipo wanisajili. Kama mwaka umepita, wanapokea siku hiyohiyo. Wewe utajua la kuandika.

Usishtuke kwamba nilikwenda hospitali. Ni kizunguzungu tu cha kuinamia cherehani. Kazi ya sare ni nyingi, shule zinafunguliwa. Nimejishonea sketi mbili nyeusi. Mama Pacha wa cherehani ya dirishani anasema nimejifanya mjane wakati hata mume sijawahi kuwa naye. Nikamwambia nyeusi haichafuki upesi.

Dada yako

*

17 Aprili

Dada, shikamoo.

Fomu ninayo. Iko kwenye droo yangu ya kulia, chini ya vitabu vya ukaguzi. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Nina ombi, na usinielewe vibaya. Kwa nini tuingie kwenye mambo ya tarehe? Ninaweza kuandika mwezi huu. Tunaanza kuhesabu sasa, mwakani unaingia kwenye hiyo ruzuku bila maneno mengi, na mimi kuanzia mwisho wa mwezi huu nitakuwa nakuletea matumizi. Kizunguzungu si ugonjwa wa kushindwa kungoja. Kula vizuri, upumzike, usishone mpaka jua linazama.

Ile fomu haiendi moja kwa moja kwenye kompyuta, Dada. Ofisa utumishi anaisoma kwa sauti, ndiyo tabia yake, na meza yake iko katikati ya ofisi. Halafu anasaini mkuu wa idara. Halafu inakaa kwenye jalada langu mpaka nitakapostaafu.

Hebu niambie kweli, unaumwa nini?

Kitinda

*

26 Aprili

Kwako Bwana Mizani,

Hunijui ila mimi nakujua, nimekaa nawe chumba kimoja miaka minane bila kukuona. Mimi ni Mama Pacha, cherehani ya dirishani. Dada yako akijua nimeandika barua hii atanichoma sindano, lakini amelala ndani kwangu na hana nguvu ya kunifuata.

Ulimuuliza anaumwa nini. Alisoma barua yako, akaikunja, akasema, "Kitinda ana wasiwasi bure." Basi nakujibu mimi. Dada yako anatokwa damu tangu mwaka jana mwezi wa tisa. Si zile siku za wanawake, ni damu ya kumwagika. Anakalia kitambaa kilichokunjwa mara nne, na hizo sketi nyeusi sasa umezielewa. Jumatano alizimia juu ya cherehani, mguu ukiwa bado unakanyaga, na sindano ikapita kwenye kidole. Tulimpeleka hospitali kubwa. Dokta amesema ni uvimbe kwenye kizazi, umekua, na damu mwilini imeshuka kiasi kwamba hata ngazi asipande. Dawa hazitoshi tena, ni upasuaji. Nikamuuliza dokta kama unaweza kungoja mwakani. Aliniangalia kama nimemwomba anikopeshe figo.

Wasio na bima wanalipa kabla ya kulazwa. Mafundi wote wa hapa tulichanga, hatukufika hata robo. Wenye kadi ya ruzuku wanaingia na kadi. Kadi wanatoa mpaka tarehe 30 Juni, halafu dirisha linafungwa hadi mwaka mwingine.

Sasa nikuambie na la pili, maana hili ndilo lililonipandisha hasira. Miaka yote hii dada yako akivaa kitu kipya anasema, "Kitinda ametuma." Viatu vya kahawia, Kitinda ametuma. Blanketi, Kitinda ametuma. Ile redio iliyotutangazia hii bima, Kitinda ametuma. Sisi wengine tulikuwa tunawasema ndugu zetu kwa ajili yako. Wiki hii nilipokuwa namtafutia kitambulisho nikakuta risiti ya redio, kanunua mwenyewe kwa pesa za kushona sare.

Sikutukani. Nina kaka zangu watatu, nawajua wanaume. Nakuomba kitu kimoja tu: hiyo tarehe unayoiogopa, iandike.

Mama Pacha

*

5 Mei

Dada,

Sina hata shikamoo ya kukupa leo, naona haya.

Mama Pacha ameniandikia. Usimgombeze. Nilisoma barua yake chooni, mahali pekee pasipo na watu pale ofisini, na nikakaa humo mpaka mhudumu akagonga.

Sikupoteza simu. Nilibadilisha namba makusudi. Mwaka aliozaliwa mtoto wa pili wifi yako aliumwa muda mrefu, nikaruka mwezi mmoja bila kukutumia kitu. Nikasema nitalipia mwezi unaofuata, nao ukanishinda. Baada ya hapo kila nikitaka kukupigia naanza kufikiria nitajieleza vipi, na kadiri siku zilivyopita maelezo yalizidi kuwa marefu. Kuanza tena kukawa kugumu kuliko kuacha. Wifi yako alipona zamani, Dada. Sina cha kusingizia. Na huku mwisho wa mwaka nasimama na soda mkononi nawasimulia watu habari za sare zako, na wanafuta machozi.

Jana nimeijaza. Kipengele cha sita nimeandika tarehe 28 Februari, miaka mitatu iliyopita, siku ya mwisho niliyokutumia kitu. Nilimwomba ofisa utumishi aisome kimyakimya. Akasoma, akavua miwani, akauliza, "Huyu ni Dada Cherehani?" Nikasema ndiye. Aligonga mhuri akanisukumia karatasi, na leo asubuhi hakuitikia salamu yangu.

Fomu naituma kwa basi la leo, imo kwenye bahasha hii. Jaza upande wako haraka upeleke. Nimekuandikia na namba yangu ya simu nyuma ya bahasha, lakini nakuomba usipige kwanza. Nikisikia sauti yako sitaweza kusema kitu.

Kitinda

*

18 Mei

Kitinda wangu,

Bahasha imefika salama. Na Mama Pacha tumenuniana siku mbili, sasa yameisha, maana chai anatengeneza yeye.

Umejitukana bila sababu. Mtu aliye na mke mgonjwa na mtoto mchanga ana miezi mingapi ya kuwakumbuka wengine? Ulikuwa mtoto wangu kabla hujawa mdogo wangu. Mimi sikuhesabu.

Na huyo ofisa utumishi asikununie, hanijui, wala hana haki ya kununa kwa niaba yangu.

Fomu nimejaza jana na nimeipeleka mwenyewe, Mama Pacha akinishika mkono. Karani wa dirisha la nne hakuwepo, akaipokea mwenzake bila kuisoma. Nimeona ulivyojiandika pale kwenye cha sita, nikasema hapana, huyu mtoto hawezi kubaki hivi kwenye jalada la serikali mpaka astaafu. Kwa hiyo upande wangu nimekurekebishia. Nimeandika, "Hajawahi kuacha." Na pale penye nafasi ya maelezo nikaongeza kwamba ulinitumia viatu, blanketi na redio, wasije wakadhani ni maneno matupu. Wakisoma upande wako watajua ulikuwa na huzuni tu siku hiyo, na wakisoma wangu watajua ukweli.

Sasa tunangoja kadi. Sijambo kidogo. Nashona vifungo tu, kwa kukaa.

Dada yako

*

27 Mei

OFISI YA USAJILI, BIMA YA AFYA YA RUZUKU
Dirisha Na. 4

Kwa mwombaji, fundi cherehani. Nakala kwa mtumishi, Idara ya Mizani na Vipimo.

YAH: KURUDISHWA KWA TAMKO LA KUONDOA MTEGEMEZI

Tamko lenu lililopokelewa tarehe 17 Mei linarudishwa kwa kuwa majibu ya kipengele cha sita yanapingana. Mtumishi ametaja kuacha matunzo miaka mitatu iliyopita. Mwombaji amekanusha na kutaja vitu alivyotumiwa katika muda huo. Mtu anayetunzwa na mtumishi wa serikali hana sifa ya ruzuku.

Tamko jipya lililojazwa na pande zote mbili liwasilishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Maombi yatakayochelewa yatasubiri awamu ijayo.

Karani wa Usajili

(Kwa mkono:) Mama, sikuwepo siku ile, ningekurudishia palepale. Hapa wanakuja watu wa kila aina kudanganya ili wapewe, na wewe umedanganya ukanyimwa. Fomu mpya nimempelekea ofisa utumishi wa ndugu yako. Tafadhali njooni na tarehe moja.

*

3 Juni

Dada,

Nakala ya barua ya usajili imenifikia. Nimecheka, halafu nimepiga ukuta ngumi, mkono umevimba.

Dada, ulinirekebishia! Uliponishonea suruali ya kwanza ya sekondari ukaona mguu mmoja umezidi, ulipunguza usiku kucha bila kuniambia ili nisijue umekosea. Nilikuwa macho, nilikuona. Tabia yako ni hiyohiyo, na safari hii itakuua.

Nisikilize mimi leo, mimi mdogo. Kazi yangu ni kupima. Kila siku nawaambia watu wazima kwamba jiwe la kilo lililopungua ni wizi hata kama muuzaji ana shida nyumbani. Mimi nilipungua. Nilikuwa na shida mwanzoni, baadaye sikuwa nayo, na bado nilipungua. Acha iandikwe. Ukiniandikia kilo kamili nisiyokuwa nayo hunisaidii, unaniacha nibaki nikijua peke yangu, na wewe unabaki na damu.

Fomu mpya imo humu, tarehe ni ileile. Safari hii ofisa utumishi aligonga mhuri akaniambia, "Mwambie Dada Cherehani nasi tunamsubiri apone." Sijui kama amenisamehe. Amejibu salamu.

Nakuomba, Dada. Andika tarehe niliyoandika mimi. Usiongeze neno.

Kitinda

*

14 Juni

Kitinda,

Nimeiandika.

Nikuambie ilivyokuwa, kwa sababu sitaki tena kukufichia. Fomu ilikaa kwenye kopo la vifungo siku sita. Kila Mama Pacha akiuliza, nasema natafuta kalamu nzuri. Siku ya saba akaja na kalamu kumi amezikusanya mtaa mzima, akazimwaga juu ya meza, akaenda kusimama mlangoni kama askari. Nikaandika siku, nikaandika mwezi. Nilipofika kwenye mwaka nikasimama, na hapo, Kitinda, nikakasirika.

Sikujua kama nina hasira. Miaka yote ile nilikuwa na kazi ya kukupamba, nikijinunulia viatu kwa jina lako, nikiwapa majirani salamu zako nilizozitunga mwenyewe, hata nafasi ya kukasirika sikuipata. Nikiwa naumwa mwaka jana nilikaa na simu mkononi namsikiliza yule mwanamke akiniambia hupatikani, nikamaliza, nikawaambia watu umesema nipumzike. Kwa nini hukuja hata mara moja? Si kwa kunipa kitu. Kuja tu, mkono mtupu, ukae kwenye kile kigoda ulichokuwa unafanyia hesabu za shule, uniambie mambo ya wauza nyanya. Ningekupa chai na tusingesema lolote juu ya miezi iliyopita. Ulidhani nitakudai? Ulidhani mimi ni nani?

Nililia, nikamaliza mwaka, nikasaini. Nilibonyeza kalamu mpaka ikatoboa karatasi kidogo, lakini inasomeka.

Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kuumwa na nimechoka kukutetea, na naona hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa inanilemea zaidi. Jana karani wa miwani alizisoma tarehe zote mbili akifuata kwa kidole, upande wako na upande wangu. Akasema, "Sasa zinalingana." Akagonga. Nilidhani nitaona aibu mbele yake, kumbe nilikuwa natafuta pa kukaa tu.

Ile namba ya nyuma ya bahasha bado sijaipiga. Nangoja hasira iishe, usije ukaisikia.

Dada yako

*

7 Julai

Kitinda,

Naandika nikiwa kitandani, wodi ya upasuaji, kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha lisilofunguka. Mwandiko ukipinda ni sindano ya mkononi, wameniongezea damu chupa mbili. Kadi ilitoka tarehe 25, siku tano kabla ya kufunga. Safari hii kimashine hakikulia vibaya. Kwenye picha mpya sina mashavu, ila Mama Pacha anasema angalau ni mimi. Amekuja na sketi yangu ya njano, kasema zile nyeusi amezichoma. Muongo, amezikata vitambaa vya kushonea mifuko ya nguo.

Upasuaji ni Alhamisi asubuhi. Dokta ni kijana, ameniambia mengi kwa upole na nimeyasahau karibu yote. Naogopa. Sikutaka kukuambia, halafu nikakumbuka nimeacha tabia hiyo.

Hasira bado ipo kidogo. Nilitaka iishe kabla sijaandika, nikaona haitawahi Alhamisi, basi nakuandikia nikiwa nayo.

Jioni hii muuguzi alikuja na karatasi nyingine. Nikamwambia kama ina kipengele cha sita aondoke nayo. Akacheka, hakujua nasema nini. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kujaza: ndugu wa karibu wa mgonjwa ni nani. Mama Pacha alikuwa amekaa hapohapo pembeni, na angestahili kuliko mtu yeyote. Nikamwangalia. Akasema, "Andika, unaniangalia nini?"

Nimekuandika wewe. Hapo hawakuuliza tangu lini.

Saa za kuwaona wagonjwa ni saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Njoo mkono mtupu.

Dada